Mbavu za moshi: moto uwe nyuzi 107, 121, 135 au 150?

Kila Ijumaa jioni simu yangu huleta swali lilelile kutoka kwa ndugu zetu wa hapa Dallas: "Kaka, kesho nina mbavu. Moto niweke ngapi?" Mwenye swali ameshanunua nyama, viungo ameshapaka, na ameshasoma maelekezo manne yanayopingana. Huyu anamwambia aweke nyuzi 225 za Fahrenheit na asithubutu kupanda. Yule anamwambia 225 ni kuumaliza mchana bure, aweke 275. Na wote wawili wanapakua mbavu ambazo ukiziona unameza mate.

Viwango vyote vinne vya joto vinavyotajwa sana hutoa mbavu nzuri. Tofauti iko kwenye saa vinazokula, ukoko vinaouacha juu ya nyama, na namna nyama inavyoachia mfupa. Halafu kuna jambo ambalo maelekezo mengi hayaligusi: jiko lako lenyewe hupenda kutulia kwenye joto gani. Mtu anaweza kuchagua namba nzuri kabisa, akashinda siku nzima akipigana na jiko lisiloitaka.

Kwa kuwa Wamarekani huandika kwa Fahrenheit na sisi tumekua na Selsiasi, tuelewane mapema: 225 ni nyuzi 107, 250 ni 121, 275 ni 135, na 300 ni karibu 150. Kuanzia hapa nitatumia Selsiasi.

Kabla ya joto, kipande

Mbavu si kitu kimoja. Kwa nguruwe, kuna mbavu za mgongoni, zinazokaa karibu na uti wa mgongo: fupi, zimepinda, nyama yake laini na mafuta machache. Ubavu mzima wa aina hii huwa na uzito wa karibu kilo moja. Kisha kuna za tumboni: ndefu, bapa, zenye mafuta na mishipa mingi, kilo moja na nusu au zaidi. Ukiondoa gegedu la upande wa kifuani na kunyoosha kingo, hizo za tumboni ndizo zinazoitwa mkato wa St. Louis. Mimi hupenda mkato huo, kwa sababu unene wake unalingana toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo ncha haziungui wakati katikati bado.

Wasomaji wengi hawali nguruwe, nami siwaachi nyuma. Hapa Texas mbavu za ng'ombe zina heshima yake: mifupa mitatu au minne mirefu, na juu yake nyama nene kuliko kiganja. Moto wake ni uleule, saa zake ndizo nyingi zaidi. Mbuzi na kondoo nitawafikia mwishoni.

Kipande chochote utakachochukua, geuza upande wa mfupa utoe utando. Ingiza mpini wa kijiko chini yake kwenye mfupa wa pili, uinue kidogo, kisha ukamate kwa karatasi kavu ya jikoni na kuvuta. Ukiuvuta vizuri unatoka wote kama ganda la yai lililochemshwa. Ukiuacha, hakuna joto litakaloulainisha, na viungo vya upande huo havitaingia kwenye nyama.

Vigezo ninavyotumia

Cha kwanza ni muda. Uwe mkweli: wageni wanakuja saa ngapi, nawe uliamka saa ngapi?

Cha pili ni ulaini, na hapa ndipo watu hubishana zaidi. Wizara ya Kilimo ya Marekani inasema nyama ya nguruwe isiyosagwa ni salama ikifika nyuzi 63 ndani na kupumzika dakika 3. Ubavu ukifika hapo ni salama kweli, lakini utatafuna mpaka taya zichoke. Kinachokaza mbavu ni kolajeni, zile nyuzi ngumu zinazoshikilia nyama pamoja. Kolajeni hugeuka polepole kuwa jelatini laini, na mabadiliko hayo huanza kushika kasi nyama ikipita nyuzi 70. Inataka joto, na inataka muda pia. Ndiyo maana mbavu hupelekwa hadi nyuzi 90 au 95 ndani, mbali sana na kiwango cha usalama.

Lakini laini kiasi gani? Katika mashindano ya Kansas City Barbeque Society, chama kilichoanzishwa mwaka 1985, majaji hutaka jino liache alama safi: nyama iachie pale ulipong'ata tu, iliyobaki ishike mfupa. Ikidondoka yote wanahesabu imepitiliza. Nyumbani kwangu hali si hiyo. Shemeji yangu, aliyekulia Nakuru akila mbuzi wa kuchoma, anataka mbavu imkatalie kidogo kabla ya kuachia. Mke wangu anataka kuvuta mfupa kwa vidole viwili ukatoka mkavu. Siwezi kusema nani kati yao anakosea, na wala huhitaji jaji nyumbani kwako. Unahitaji kujua unawapikia akina nani.

Cha tatu ni moshi na ukoko. Ukoko ninaousema ni ile ngozi nyeusi ya viungo, mafuta na moshi inayojijenga juu ya nyama. Cha nne ni kazi ya kuuangalia moto. Na cha tano ni nafasi ya kukosea: ukichelewa dakika ishirini kuitoa nyama, utakuta umepoteza nini?

Nyuzi 107: mwendo wa mapokeo

Hiki ndicho kiwango kinachosifiwa kwenye vitabu vingi vya nyama ya moshi, na kina sababu. Kwa mbavu za tumboni tenga saa 6, pengine na nusu juu. Za mgongoni, saa 5 hivi. Za ng'ombe zinaweza kufika saa 9 au 10, kwa hiyo anayetaka kula saa nane mchana awe ameshawasha moto kabla ya alfajiri.

Wengi hutumia mpango wa 3-2-1: saa 3 kwenye moshi zikiwa wazi, saa 2 zimefungwa kwenye foili pamoja na juisi kidogo ya tofaa au maji, na saa 1 tena wazi zikipakwa sosi. Kwa mbavu nene za tumboni mpango huo hutoa nyama laini sana, ile anayoitaka mke wangu. Kwa za mgongoni saa 2 ndani ya foili ni nyingi mno, zinatoka zimechambuka. Ukitaka mng'ato wa mashindano, punguza foili iwe saa moja au chini yake.

Kwa moshi, 107 ndiyo mshindani mgumu. Moshi hushika vizuri zaidi kwenye nyama yenye unyevu na ambayo bado ni baridi juu, na kwenye joto dogo nyama hubaki hivyo muda mrefu. Ule mviringo wa waridi unaouona ukikata nyama hutokana na gesi za moto kukutana na mayoglobini, ile protini inayoipa nyama wekundu, na huacha kukua nyama ikishapita nyuzi 60 hivi. Kwa hiyo mwendo wa polepole huupa nafasi. Ujue tu kwamba mviringo huo hauna ladha yoyote. Ni uzuri wa macho.

Sasa ugumu wake. Mwaka wa kwanza nilipopata jiko la pipa, lile la lita 200, niliapa kushika 107 kama kitabu kilivyosema. Pipa lilikuwa linapanda, nami nikawa nabana matundu ya hewa, kidogo, kidogo tena, mpaka likakubali. Nilichokuwa nimekifanya ni kuunyima moto pumzi. Vipande vya kuni za hikori vikawa haviwaki, vinafuka tu, na juu ya kifuniko ukatoka moshi mweupe mzito kama wa majani mabichi. Mbavu zilitoka na rangi nzuri ajabu. Tulipozionja, zilikuwa chungu, na ncha ya ulimi ikaingia ganzi. Moshi unaoutaka ni mwembamba, wa bluu, ambao ukisimama mbali karibu huuoni. Moto ulionyimwa hewa hauwezi kuutoa.

Kwa hiyo 107 inamfaa mwenye jiko linaloweza kuishika bila kukabwa: jiko la umeme linalojilisha punje za mbao lenyewe (na hayo kwa kawaida hutoa moshi mwingi zaidi kwenye joto dogo), jiko zito lenye sanduku la moto pembeni, au jiko la duara ambalo mkaa umepangwa ukingoni kwa mstari kama nyoka na kuwashwa kichwa tu. Nafasi ya kukosea upande wa nyama ni kubwa, maana dakika arobaini kupita kiasi hazikuharibii kitu. Upande wa saa ni ndogo. Kila unapofungua kifuniko kuchungulia, unaongeza muda, na kwenye joto dogo jiko huchelewa kurudi lilipokuwa.

Kuna pia kukwama. Nyama ikifika kati ya nyuzi 65 na 75 ndani, kipimo kinaweza kusimama pale kwa muda mrefu, mtu akadhani kimeharibika. Ni maji ya nyama yanayovukizwa na kuipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Kwa 107 kukwama huko ni kurefu zaidi, hasa kwenye mbavu nene za ng'ombe. Foili ndiyo dawa yake, kwa gharama ya ukoko kulainika kidogo.

Chini ya 107 sikushauri. Moto hufuka, na nyama hukawia mno kwenye lile eneo la nyuzi 4 hadi 60 ambako vijidudu huzaliana.

Nyuzi 121: katikati

Mbavu za tumboni saa 5 hivi, za mgongoni 4 au zaidi kidogo, za ng'ombe karibu 8. Saa moja uliyookoa inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayotofautisha kula mchana na kula jioni.

Ulaini wake haupitwi na 107 kwa namna ambayo ningeweza kuitambua nikiwa nimefumba macho, na nimejaribu hivyo mara kadhaa na jirani yangu mmoja wa hapa mtaani. Moshi unapungua kidogo. Ukoko unajengeka vizuri na sukari kwenye viungo haina hatari yoyote. Moto unapumua: kwenye jiko la mkaa matundu yanakuwa wazi kiasi cha kutosha kuni kuwaka kwa usafi. Ukiweka trei ya maji chini ya wavu, maji hayo hayapiti kiwango chake cha kuchemka, kwa hiyo hunyonya joto linapotaka kupaa na jiko linatulia.

Kinamfaa anayejifunza na bado halijui jiko lake, na kinamfaa pia anayepika aina mbili za nyama kwenye wavu mmoja. Hakina sifa moja kubwa ya kukisimulia. Siku ambayo sina sababu maalumu ya kwenda juu wala chini, mimi huweka hapa.

Nyuzi 135: ukoko na harufu ya nyumbani

Kwa muda mrefu nilidhani 135 ni ya wavivu. Aliyenitoa kwenye wazo hilo ni pipa langu lenyewe. Nilipoacha kulikaba, likapanda taratibu, likasimama kati ya 130 na 138, likakaa hapo saa tatu bila mimi kugusa kitu. Mapipa mengi yako hivyo. Mkaa uko chini moja kwa moja, nyama iko juu, na mafuta yanayodondoka yanalia kwenye makaa na kurudi juu kama moshi wenye harufu ambayo kila aliyekaa karibu na jiko la nyama choma anaijua. Moshi wa kuni peke yake hauna harufu hiyo. Wageni wangu wakishuka kwenye gari huwa wanaisema kabla hata ya kusalimia.

Muda: za tumboni saa 4, za mgongoni 3 au 3 na nusu, za ng'ombe 6 au 7. Mpango wangu ni saa 2 wazi, kisha dakika 45 hadi 60 ndani ya foili, kisha nusu saa wazi kukausha ukoko na kukolea sosi. Mara nyingi siku hizi foili siitumii kabisa, kwa sababu kukwama ni kufupi na nyama hupita pale yenyewe.

Ukoko hapa ndiyo sifa kubwa. Mafuta ya juu yanayeyuka na kukaanga viungo, ukoko unakuwa mkavu, mweusi unaoelekea wekundu, na ukiugonga kwa ukucha unasikika. Ndani, nyama inashika mfupa kwa heshima na kuachia ukiuma. Huu ndio mng'ato wa shemeji yangu, na ndio wa majaji pia. Ukitaka nyama ya kudondoka bado unaweza kuipata, ila ni foili itakayokufikisha huko.

Gharama yake ni mbili. Kwanza, dirisha ni fupi. Kati ya mbavu iliyoiva na iliyokauka kunaweza kuwa na dakika 15 au 20, hasa za mgongoni ambazo hazina mafuta ya kuzilinda. Hizo uanze kuzikagua ikitimia saa 2 na nusu. Pili, viungo vyenye sukari nyingi huanza kuwa vyeusi mapema. Mimi hupunguza sukari iwe nusu ya ile ninayoweka kwenye 107, na sosi hainusi moto mpaka nusu saa ya mwisho.

Kinamfaa mwenye pipa, mwenye kupenda ukoko, na anayeanza kupika saa nne asubuhi kwa wageni wa saa tisa mchana. Hakimfai anayewasha moto na kwenda dukani.

Nyuzi 150: haraka

Hapa tumekaribia kuchoma. Za mgongoni saa 2 hadi 2 na nusu, za tumboni 3, za ng'ombe 5 au zaidi. Moshi utaupata, lakini ni kama kitoweo cha pembeni. Memphis kuna mkahawa wa Charlie Vergos Rendezvous, uliofunguliwa mwaka 1948, ambao mbavu zake zimepata jina kwa moto mkali wa mkaa na viungo vikavu, bila moshi wa siku nzima; kwa hiyo asikwambie mtu kwamba mbavu za haraka si mbavu.

Weka chumvi, pilipili manga, paprika, kitunguu saumu cha unga, na sukari uiache kabatini. Sosi dakika 10 za mwisho. Mbavu za mgongoni zinakubali mwendo huu vizuri kwa kuwa kolajeni yake si nyingi. Za tumboni zenye mafuta zinaweza kutoka zimekolea nje na ndani bado kuna tabaka la mafuta lisiloyeyuka. Nafasi ya kukosea ni ndogo kuliko zote. Simama hapohapo na koleo mkononi.

Saa kwa jicho moja

| Joto | Za mgongoni | Za tumboni | Za ng'ombe |
|---|---|---|---|
| 107 | saa 5 | saa 6 – 6½ | saa 9 – 10 |
| 121 | saa 4 – 4½ | saa 5 | saa 8 |
| 135 | saa 3 – 3½ | saa 4 | saa 6 – 7 |
| 150 | saa 2 – 2½ | saa 3 | saa 5 – 6 |

Saa hizi ni za kupangia siku. Dalili za kutolea nyama zinafuata hapa chini.

Kupima, na kujua imeiva

Kile kipimajoto kilichotobolewa kwenye kifuniko usikiamini. Kiko juu na pembeni, nyama iko chini na katikati. Kwangu kilipishana na wavu kwa nyuzi 20, maana yake ni kwamba kwa miezi kadhaa nilidhani napika kwa 107 kumbe napika karibu na 127. Nunua kipimo cha waya. Kama hakina kibanio cha kukishikilia, kata kiazi nusu, kichome waya katikati mpaka ncha itokeze upande wa pili, ukiweke kwenye wavu karibu na nyama. Sasa unasoma joto ambalo mbavu zinaliishi.

Kuhusu kuiva, chomeka koleo chini ya ubavu mpaka theluthi ya urefu wake, uinue. Ukibaki mgumu kama ubao, bado. Ukijikunja na ukoko ukaanza kupasuka katikati, umeiva kwa mng'ato. Ukikaribia kukatika vipande viwili, umeiva kwa wale wa kudondoka, na sekunde hiyohiyo utoe. Jaribio la pili ni kijiti cha meno: kikizama kati ya mifupa kama kwenye siagi, tayari.

Majaribio haya ya mkono nayasisitiza zaidi kwa wasomaji walioko nyanda za juu. Desemba moja nilipika mbavu Arusha kwenye pipa la kaka yangu, nikawa nangoja kipimo kisome 96 kama nilivyozoea Dallas. Kilifika 93 kikaganda. Nilichosahau ni kwamba Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka pale karibu nyuzi 95. Nairobi, iliyo juu zaidi, ni karibu 94. Nyama yenye maji haiwezi kupita sana hapo mpaka iwe imekauka. Nilipoinua kwa koleo nikakuta zilishaiva zamani. Ukiwa Dar, Mombasa au Zanzibar namba za vitabu zitakufaa. Ukiwa juu, amini koleo.

Na kuni: Texas tuna mwaloni, hikori na pekani. Nyumbani, mwembe na mpera uliokauka vizuri hutoa moshi mtamu. Mbao zenye utomvu kama msonobari, mbao zilizopakwa rangi au dawa, na mti wowote usioujua kwa jina, usiutie kwenye chakula.

Uchague kipi

Una siku nzima, jiko linalojiongoza lenyewe, na wageni wanaopenda moshi mwingi na nyama ya kudondoka: weka 107, mpango wa 3-2-1, na usifungue kifuniko kabla ya saa ya tatu.

Ni mara yako ya kwanza au ya pili, au jiko ni la kuazima: weka 121. Andika kwenye daftari matundu yalikuwa wazi kiasi gani na joto lilikaa wapi. Mara ya tatu hutahitaji kuniuliza.

Una pipa: liwashe, acha lijitafutie mahali pa kutulia, kisha panga saa zako kufuata hapo. Likikaa 130 au 140, huna haja ya kulipigania lishuke. Jali sukari, jali dirisha la mwisho.

Wageni wametoa taarifa mchana huu kwamba wanakuja: mbavu za mgongoni, 150, viungo bila sukari.

Mezani kuna shemeji na kuna mke, kama kwangu: mbavu mbili kwenye 135. Baada ya saa 2 moja ifunge foili, nyingine iache wazi. Zitaiva karibu pamoja na kila mtu atapata yake.

Unapika ng'ombe: 121 au 135, na chumvi na pilipili manga tu vinatosha. Hapa sipendekezi 150, kwa sababu nje hutangulia ndani mbali mno. Zikiiva zifunge kwa karatasi nene na taulo, uziweke ndani ya boksi la kubebea soda na barafu, likiwa tupu na kavu, zipumzike saa nzima. Hata zikiwahi kuiva kwa saa mbili zitabaki za moto humo, kwa hiyo anza mapema bila wasiwasi.

Unapika mbuzi: mbavu zake ni nyembamba na hazina mafuta ya kuhimili safari ndefu, kwa hiyo 121, saa moja na nusu ya moshi, kisha foili yenye maji kidogo, ndimu na kitunguu saumu mpaka zilainike. Kondoo ana mafuta ya kutosha, naye huenda vizuri kwenye 135 akiwa wazi mwanzo hadi mwisho. Mpake chumvi usiku wa kuamkia, na mwekee trei ya kukinga mafuta chini, maana yanayodondoka ni mengi na yakishika moto yataunguza chote ulichokuwa umekijenga.